Kisiwa Kisichoisha Jioni Moja

BARUA KWA MJOMBA

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Iringa. Kila Jumamosi jioni nina wachezaji wanne sebuleni kwangu: mdogo wangu, wapwa wawili, na jirani ambaye ni muuguzi. Tunacheza ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wenye dadu ya pande 20, na msimulizi ni mimi. Mwaka mzima tumepita misituni na mapangoni, sasa wameomba kisiwa. Nikawachorea minazi, mlima wa moto, joka, na sanduku la dhahabu chini ya mti. Mjomba, walikimaliza jioni moja! Wakashuka pwani, wakaenda moja kwa moja mlimani, wakaua joka, wakarudi chomboni. Mimi bahari nimeiona mara mbili tu, na chombo sijapanda. Nifanyeje?*
*– Mwalimu, Iringa*

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho lilisimama mahali pamoja: "wakashuka pwani, wakaenda moja kwa moja". Walishuka saa ngapi? Maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Chombo kilitia nanga wapi, na waliporudi walikikuta kinaelea? Ulichowapa ni mlima wenye maji pembeni. Ungeuhamishia huko kwenu Iringa, kisa kisingebadilika hata kidogo.

Nilizaliwa Mafia. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka nazi za kwetu na boriti za Rufiji Unguja, na nilipotimiza miaka tisa alinichukua safari yangu ya kwanza. Wakati wa kurudi tulichelewa, maji yakatoka kabla yetu, tukakwama juu ya fungu la mchanga. Sikujua kwamba chombo kinaweza kukaa pakavu katikati ya bahari. Jahazi lililala ubavu, mabaharia wakashuka na kutembea pale ambapo muda mfupi nyuma ningezama. Mpishi akainjika wali. Baba alichomeka kijiti ukingoni mwa maji, akakaa kukitazama. Tukangoja mpaka nyota zikatoka. Maji hayakurudi kwa kishindo. Yalirudi kwa kujaza nyayo zetu mchangani, moja baada ya nyingine, na hapo nikaanza kulia, kwa sababu mabaharia wawili walikuwa wamekwenda kutafuta chaza upande wa pili na fungu lilikuwa limeshakatika katikati. Walivuka maji yakiwa kifuani. Nimesimulia michezo miaka mingi tangu hapo, na hatari kama ile, isiyo na meno wala moto, ndiyo ninayoitafuta kila ninapochora kisiwa.

Kwa hiyo kabla ya mnazi wa kwanza, amua maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kukupwa ni saa 6 na ushei, na kila siku inayofuata saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kutoka sana, na katika pwani yetu tofauti hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo maana akina mama wanaochokoa pweza utawaona mwambani asubuhi jua likiwa kali: wanafuata saa ya bahari, si ya ukutani.

Mezani fanya hivi. Chora duara, ligawe vipande 12, andika "yamejaa" juu na "yamekupwa" chini. Weka komwe moja ya bao. Kila wachezaji wanapofanya jambo linalochukua muda, kama kupekua nyumba, kufunga jeraha au kubishana kuhusu njia, sogeza komwe kipande kimoja. Usiseme neno, waache waione wenyewe. Wachezaji wangu siku ya kwanza hawakuijali. Siku ya tatu walikuwa wanaitazama komwe kuliko dadu, na mmoja wao, fundi cherehani mpole kabisa, alimkatiza mwenzake katikati ya sentensi: "Tutaongea tukishafika juu, maji hayo!"

Ukishakuwa na maji, mambo mengi hujizaa yenyewe. Weka pango ambalo mdomo wake huonekana kwa muda mfupi tu maji yakitoka siku za bamvua. Hakuna mwizi wa kulifungua mlango wake, hakuna mchawi wa kuuvunja. Wakilikosa leo na kesho, wangoje wiki mbili hivi, na katika wiki mbili hizo adui naye hakai bure. Weka watu wawili wanaogombea mwamba ambao nusu ya siku haupo. Weka mateka aliyefungwa kwenye nguzo ya mkoko wakati maji yako magotini mwake.

Sasa kisa chenyewe. Hadithi ya kale ya Kilwa inasema kwamba Ali bin Hassan, mtoto wa sultani wa Shirazi, alipofika alikuta kisiwa kina mwenyewe, na maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Akataka kukinunua. Mwenye kisiwa akataja bei: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Zikatolewa, naye akahamia bara, lakini moyoni alikusudia kurudi na watu wake na kuwaua wageni. Wageni nao wakauchimba mkondo, hata alipokuja na kungoja maji yatoke, hayakutoka kiasi cha kuvukika.

Itazame hadithi hiyo kwa jicho la msimulizi. Wachezaji wako ndio walinzi wa marobota ya nguo. Nguo zinatosha, zimehesabiwa. Lakini kisiwa kinapimwa saa ngapi? Maji yakijaa, mzunguko ni mdogo. Maji yakikupwa, mafungu yote yanachomoza, miamba inaungana na pwani, na nguo hazifiki hata nusu. Mwenye kisiwa anadai kipimo cha maji makavu, mnunuzi anadai kipimo cha maji makuu, na wote wawili wana haki yao. Hapo hakuna wa kupigwa upanga. Mimi nilikicheza kisa hiki Jumapili tatu mfululizo, na upanga ulichomolewa mara moja tu, usiku, pale mmoja wao alipogundua kwamba kuna watu wanaosogeza vijiti vya mpaka. Na bado mkondo haujachimbwa! Nani atauchimba, kwa siku ngapi, na mwenye kisiwa akikaa bara anahesabu mwezi?

Baada ya maji, upepo. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja kwetu na kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, vikarudi na kusi. Mfanyabiashara aliyechelewa hakukosa basi la asubuhi; alikosa msimu, akakaa, akaoa, akajifunza lugha. Katika mchezo wako mpe nahodha tarehe ya kung'oa nanga na umfanye mtu mwema anayewapenda. Atawangoja siku moja, mbili. Siku ya tatu ataondoka, kwa sababu ana mabaharia kumi na watano wenye watoto. Wachezaji wakiachwa kisiwani msimu mzima, usiwaonee huruma. Huo ndio wakati watajua majina ya watu wa hapo.

Na watu wawepo. Nakusihi sana katika hili. Kisiwa kitupu kinachongoja wageni waje kukipora ni kisiwa ambacho hakuna aliyezaliwa. Hata vile vijisiwa vya kwetu visivyo na kisima vina dago: wavuvi wanaotoka mbali wanapiga kambi kwa wiki kadhaa, vibanda vya makuti, chanja za kukaushia samaki, maji ya kunywa yameletwa kwa chombo. Dago moja linakupa kila kitu. Watu hawajuani kwa ukoo ila wanakula pamoja. Kila mmoja anajua maji yamebaki kiasi gani. Wachezaji wako wakifika na kiu, watu saba, pipa moja, hapo kisa kimeanza bila joka. Jiwe la matumbawe halishiki mto. Mvua inazama chini, na kisima kikichotwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi. Mwache mchawi wao abaki na uchawi wake wote, lakini kila uganga wake uhitaji bakuli la maji ya kunywa.

Ukilitaka joka, libaki, ila lifiche kama ilivyofichwa Königsberg. Hiyo ilikuwa manowari ya Wajerumani iliyoingia katika delta ya Rufiji mwaka 1914, ikajificha kati ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza zilijua imo lakini hazikuweza kuifuata, mito yenyewe ni mifupi ya kina. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, meli zilizoundwa kwa maji machache, na ndege zikarushwa kutoka kwetu Mafia kuangalia makombora yanaangukia wapi. Iliangamizwa Julai 1915, lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake wakaitumia vita vya nchi kavu. Sasa badala ya manowari weka joka kuukuu, limejeruhiwa, limelala kwenye matope ya mikoko, na mifereji ishirini inayofanana. Chombo chenye nguvu za kulipiga hakipiti. Chombo kinachopita ni ngalawa. Na wakishaliua, meno yake yatavutwa na nani, yakatumike wapi? Hilo swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Msimu wangu wote wa pili ulitoka humo.

Kitu cha mwisho kabla sijakuachia. Kule kwetu Mafia, ng'ambo ya kisiwa kidogo cha Chole, kwenye kisiwa cha Juani, kuna magofu ya mji wa Kua. Bibi yangu alitusimulia kwamba watu wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia, walishusha chombo kipya majini kwa kukipitisha juu ya miili ya watoto wa Kua. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka, kisha wakaalika Kisimani harusini, katika chumba kilichojengwa chini ya nyumba. Wageni wakala na kucheza, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu wa kuwazungumzisha. Mlango ukazibwa kwa ukuta. Bibi alipofika hapo alinyamaza kidogo, halafu aliuliza kila mara: "Yule mzee alikuwa akiwaambia nini?" Wape wachezaji wako chumba hicho, miaka mia baadaye, ukuta umeanza kubomoka na sauti ya mzee bado inazungumza. Wasiombwe kupigana. Waombwe kusikiliza, na komwe iendelee kusogea.

*Asalaam aleikum Mjomba. Niko Mombasa, nina miaka 17. Tunacheza kwenye baraza ya nyumbani. Mama alisikia nikisimulia kisiwa chenye majini na mizimu akatukataza, anasema si mambo ya kuchezea. Wenzangu wanasema nimfiche. Wewe unaonaje?*
*– Mwana wa baraza, Mombasa*

Waaleikum salaam, mwanangu. Usimfiche mama yako. Tena nakwambia, ana hoja. Kwenye mwambao huu kuna mapango ambayo watu bado wanapeleka ubani na marashi, wanafunga vitambaa, na wanaomba ruhusa kabla ya kuingia. Mahali ambapo mtu amepeleka mtoto wake mgonjwa si mahali pa wachezaji kuhesabu wameua wangapi. Mimi mwenyewe mizimu nimeiweka mezani, lakini kama majirani wanaodaiwa adabu: ukiingia kwa salamu unapita, ukiingia kwa ubabe unapotea njia. Kuua hakumo. Ila hiyo ni meza yangu, ya watu wazima. Kwenu mwenye nyumba ni mama.

Tena humhitaji jini hata mmoja. Mchukue Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za pwani yetu. Amefungwa, anangoja kuuawa, walinzi mlangoni. Anamwimbia Saada, kijakazi wa mama yake, ampelekee mama ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo: aoke mkate wa wishwa, katikati atie tupa. Walinzi walikuwa na kawaida ya kula vyakula vizuri alivyoletewa. Mkate wa wishwa wakamtupia mwenyewe. Kisha akaomba ngoma ipigwe, watu waimbe gungu, na katika kelele ile akakata pingu. Mpe kila mchezaji kazi moja: mmoja atunge ujumbe ambao walinzi watausikia na wasiuelewe, mmoja apite mlangoni na mkate, mmoja aongoze ngoma, mmoja akate. Ngoma ikinyamaza, tupa inasikika. Wapige ngoma kweli, kwenye meza, kwa viganja. Na mwite mama yako awe mlinzi wa mlango. Hukai ukakatazwa mchezo ambao mama amekamata watu wawili ndani yake.

*Mjomba, natumai mzima. Mimi ni Mzanzibari niliyekulia Muscat. Wachezaji wangu wamechoka na masanduku ya dhahabu. Kisiwa bila hazina watakikataa, hazina ya dhahabu hawaitaki. Nipe nyingine.*
*– Msomaji, Muscat*

Mzima, ndugu yangu, na salamu zifike Muscat. Nina mbili tu.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile, aliokota sarafu chache mchangani. Tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa. Fungua ramani uone umbali wenyewe, bahari nzima katikati! Thamani yake sokoni ni ndogo. Waonyeshe wachezaji wako sarafu tano kama hizo, zenye jina la sultani wa mji wao wenyewe, mikononi mwa wavuvi ambao hawajawahi kuusikia mji huo. Usiwape kingine. Nakuhakikishia hawatauliza bei. Watauliza aliyezileta ni nani, na alirudi na upepo gani.

Ya pili ni samaki. Mwaka 1938, kwenye pwani ya Afrika Kusini, alivuliwa samaki mwenye mapezi kama viungo vya miguu, wa jamii ambayo wataalamu walidhani imetoweka pamoja na dinosaria. Wangazija walikuwa wakimjua siku zote. Wanamwita gombesa, na walikuwa hawamtaki hata kwa kula. Baadaye amevuliwa pia Tanzania. Basi mtafutaji wa sultani amevuka bahari, ametumia mali na watu, anamtafuta kiumbe wa mwanzo wa dunia, na kijana wa kisiwani amesimama ufukweni anamtupa arudi majini kwa sababu nyama yake haifai. Anzia hapo, wachezaji wakiwa bado kwenye mashua, mita mia moja kutoka ufukweni, maji yanakupwa na mwamba umeanza kugusa chini ya chombo.